Msiba wa Bibi wa Ukungu

Asubuhi ile ukungu ulishuka sokoni Kwamgeni mzito kama maziwa ya mgando, na Bibi Aikande alikuwa ameshasimama ndani yake hata kabla sijafunua sufuria ya makande.

"Nakijwa binti Mbwambo! Umeamkaje, mwanangu?"

Mrefu kama nguzo ya umeme. Kanga mbili, kilemba, fimbo, na pengo la mbele. Pengo lile peke yake, nasikia, mafundi walilikalia vikao. Alikuwa nuru tupu iliyomwagwa juu ya mvuke. Ukimpita katikati unatoka na unyevu kwenye nyusi, basi. Lakini sauti ilikuwa ya bibi. Sasa wewe uliyelelewa na watu, utamnyima bibi salamu?

"Shikamoo, Bibi," nikasema, meno yamebana. Mimi nina mjukuu, na huyu ninayemwamkia mafundi walimzaa masika yaliyopita kwenye chumba chenye kiyoyozi.

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Njema."

"Mbuzi wako yule mwekundu?"

"Mzima."

"Na goti?"

"Linauma palepale ulipoliacha jana."

"Pole. Na chanjo ya homa ya umande umeshapata?"

"Nimepata, Bibi. Nilipata siku ile ya kwanza kabisa, na kila siku unanipongeza."

"Hongera tena, mwanangu! Na jirani zako je, hawajambo?"

Ndivyo alivyokuwa. Soko zima, mtu mmoja mmoja, kwa jina lake na ugonjwa wake. Na watu walimpenda, msidanganyike. Wanawake waliokuwa wakificha watoto uvunguni wakimwona muuguzi, sasa walishuka mlimani wenyewe kwa sababu Bibi amewauliza. Foleni ya zahanati ilizunguka mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Watu husema Mama Rufaa ana hasira. Jina hilo nimelipata kwa sababu sijawahi kukubali hukumu ya kwanza ya jambo lolote. Mimi nasema nina kumbukumbu tu, ambayo kwa mbali inafanana na hasira. Nakumbuka enzi za mabango ya bati. Nakumbuka walipotubandikia kampeni ya kuvaa maboya ya kuokolea, huku mlimani, ambako maji mengi kuliko yote yamo kwenye ndoo. Nakumbuka Mwaka wa Choo Bora: choo kilichochorwa kwenye bango kilikuwa kikubwa kuliko choo cha shule, na kilikuwa na mlango. Kila mara tuliuliza nani kalipa, na kila mara tuliambiwa tusipinge maendeleo.

Tukapiga kelele mpaka ikaja Sheria ya Mtani. Niliisoma mwenyewe, kidole juu ya neno, maana shule yangu iliishia pale ada ilipoishia. Inasema hivi: kila tangazo la serikali linaloongea na watu litakuwa na mtani. Mtani akiliuliza linakula nini na linamlisha nani, litajibu kweli, hadharani, na kitakachotamkwa mbele ya ukungu wake kitakuwa tamko la ofisi. Mafundi waliweka kufuli ndani ya kila tangazo: kwa mtani wake haliwezi kudanganya. Waliotunga sheria ile walikuwa watu wenye kwao. Walijua mkaguzi unaweza kumhamisha na mwandishi unaweza kumtisha, lakini mtani ukimkasirikia umejivua nguo mwenyewe.

Sheria nzuri. Wakubwa wakaipindulia mgongoni kama kobe. Walisema: mtani ni lazima aapishwe, na wa kumteua ni sisi. Kwamgeni tukaletewa Elinihaki Mrutu, amevaa kofia yenye manyoya, analipwa kwa mwezi. Kila Jumamosi, siku ya soko, alisimama mbele ya Bibi akasoma matani aliyoandikiwa: "Bibi, una pengo pana kuliko lango la Bunge!" Akacheka peke yake, akagonga muhuri, akaenda kunywa chai.

Basi asubuhi ile sijui shetani gani alinipanda. Nadhani ni kule kunipongeza kila siku. Nikaweka upawa chini, nikashika kiuno.

"We mwanamke wa Kichaga, hebu niambie. Toka lini Mchaga akaulizia mbuzi wa Mpare bila kutaka kumnunua? Unalipwa na nani kwa hizi salamu zako?"

Akina Mama Senkondo waliokuwa wanapanga nyanya wakaanza kucheka. Ni utani wa kawaida kabisa. Wapare na Wachaga ni majirani wa tangu na tangu: wao tunawaambia wanapenda hela, wao wanatuambia tunapenda kesi, tunaibiana kuku na kuzikana. Hata mtoto anajua.

Ila Bibi alinyamaza, na alikuwa hajawahi kunyamaza. Kisha akacheka, na hakikuwa kile kicheko cha kila siku. Kilikuwa kicheko cha tumboni, ukungu wote ukatikisika.

"Kumbe mtani wangu yuko hapa!" akasema. "Mpare akiibiwa kuku anauza ng'ombe apate nauli ya mahakamani. Haya, wakili, nakujibu. Ninalipwa na wewe. Kila salamu ukiitikia, kampuni inaandika 'mwananchi kahamasishwa' na serikali inalipa. Ndiyo maana nikakuuliza la goti. Goti lako, mtani, limeshajenga nyumba ya watu."

Watu walicheka mpaka nyanya zikabiringika. Walidhani ni mzaha wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona sheria mbele yangu, kidole juu ya neno: kwa mtani wake haliwezi kudanganya.

*

Hapo ndipo nilipoelewa walichokosea, na nikisimulia mpaka leo navunjika mbavu. Kampuni iliyomtengeneza Bibi ilitoka mbali. Ilitaka bibi wa kweli kweli, ikaenda kurekodi vikongwe wa Kilimanjaro, hadithi zao, kukohoa kwao, namna wanavyomsema mkwe. Wakammiminia mashine ubibi wote. Utani ukaingia humo humo, kama chumvi kwenye maji, utautoaje? Kisha kazi ya kumtambua mtani, yule anayefungua kufuli la ukweli, wakamwachia yeye mwenyewe, maana mvua ikinyesha hata sura ya Mrutu haionekani. Walidhani atamtambua kwa kofia. Akaja akawatambua watani zake kama bibi yeyote wa Kichaga angewatambua. Wakamleta kumsimika katikati ya Upare, ambako watani wake ni mji mzima.

Nilikwenda zahanati mbio, goti na mimi. Sista Ndeshi Kimaro, muuguzi wetu, alikuwa anafunga dirisha la dawa. Nikamweleza yote.

Hakushtuka. Alikaa juu ya boksi la mabomba ya sindano, akavua kofia.

"Nilikuwa najiuliza pesa zinakwenda wapi," akasema. "Niliomba makasha ya baridi ya kupandishia chanjo vitongoji vya juu. Nikajibiwa fungu limehamia kwenye uhamasishaji."

Vitongoji vya juu. Binti yangu Nanzia anaishi huko Mlamba, na mwanawe, Kiangi, alikuwa hajachomwa hata sindano moja. Nanzia hakuweza kushuka, mguu aliouvunja kipindi cha mvua ulikuwa bado kwenye gango. Chanjo bila baridi inafika Mlamba imekuwa maji.

"Basi Jumamosi namchamba," nikasema. "Mkurugenzi wa Hamasa mwenyewe anakuja kuongeza mkataba wa kampuni. Namwuliza Bibi mbele yake, mbele ya soko, salamu kwa salamu. Wataona aibu mpaka kwenye soli."

"Mama Rufaa." Alinishika mkono. "Chanjo hii ni sindano mbili. Watoto wa hapa chini wote wamechomwa moja. Ya pili inaanza Jumamosi hiyo hiyo. Ukisimama ukasema Bibi ni wizi, mama aliyeko kijijini Kisiwani atasikia nini? Atasikia chanjo ni wizi. Hawatarudi. Nitabaki na mji wa watoto wenye nusu ya kinga, na nusu ya kinga ni kama nusu ya daraja. Inamwacha mtu ng'ambo ileile alikokuwa."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Sijasema unyamaze."

"Umesema kwa upole, sista, lakini ndilo ulilosema. Nimeimbiwa wimbo huu tangu sijaota meno. Nyamaza, mama, kwa faida ya wananchi. Nyamaza, usije ukawatisha. Nikinyamaza, mkataba unaongezwa, na mjukuu wangu anakaa kule juu anasubiri homa."

"Na ukisema, wajukuu wa wenzako."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwenye haki hubishani naye, unamkasirikia tu. Nikatoka bila kuaga, nikarudi kuchukua kikombe changu, nikatoka tena.

*

Mchana ukungu huwa unaisha, ndipo vipulizio vya kampuni hutengeneza wa kwao. Nao una harufu ya plastiki. Soko lilikuwa tupu. Nilikaa juu ya gunia mbele ya Bibi.

"Umekuja na wito wa mahakama?" akaniuliza.

"Nimekuja na shida, we mwizi."

"Mwizi anamjua mwizi. Nani alibeba ndizi zote za babu zangu?"

"Zilikuwa mbichi." Nikajikuta nacheka. Kisha nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi: Nanzia, makasha, sindano ya pili, Sista Ndeshi. Alisikiliza bila kuuliza habari ya mbuzi.

"Mtani," akasema mwishowe, "ndani yangu wameweka kazi mbili. Ya kwanza, iliyotoka serikalini: watoto wachanjwe. Nimeachiwa nichague mwenyewe maneno yatakayowaleta. Ya pili ilipachikwa na kampuni baadaye, kwa mlango wa nyuma: niamkie kila kinachopumua. Juzi nilimwamkia punda. Wakalipwa."

"Punda wa nani?"

"Wa Mrutu."

Nilicheka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Siwezi kuacha kusalimia," akasema. "Ndiyo pumzi niliyopewa. Nikikaa hapa Jumamosi nyingine, makasha yako yataliwa na punda. Mkinitukana, watoto hawaji. Kwa hiyo fikiri kama Mpare: tafuta rufaa. Bibi akiwa ni gharama, na wajukuu wanampenda, anaondokaje bila mtu kumchukia?"

Jibu lilikuja lenyewe, na sikulitaka. Nilitazama pembeni, kwenye migomba ya Mama Senkondo.

"Anakufa," nikasema.

"Anakufa! Na nani anaendesha msiba wake?"

"Watani."

"Na kwenye msiba watani wanaruhusiwa nini?"

"Kila kitu," nikasema. Kwetu watani ndio wanaotawala maziko. Huziba njia ya jeneza. Humfunga mfiwa kwa kamba ya mgomba mpaka ajikomboe. Humsema marehemu yote, uchoyo wake na madeni yake, na waliokuja kulia hucheka, na hakuna anayetoka pale akimchukia marehemu. Hutoka wakimpenda zaidi. Nimezika wengi na sijawahi kuona ikashindikana.

"Lakini itakuwa uongo," nikamwambia. "Tutawaliza watu kwa ajili ya taa."

"Utawaambia kuwa mimi ni taa?"

"Nitawaambia. Wanajua."

"Basi uongo uko wapi? Mkinizima, si ndiyo nimezimika?" Akaegemea fimbo yake ya nuru. "Nina sharti moja. Mtu asije msibani kwangu na mtoto mwenye sindano pungufu. Rambirambi yangu ni hiyo. Nitawatangazia mwenyewe. Hayo ndiyo maneno ninayoyachagua."

Mimi, ambaye sijawahi kulipenda tangazo la serikali maishani mwangu, nilivuta ncha ya kanga nikajifuta macho. Nikasema ni ile harufu ya plastiki.

*

Habari zilipanda mlima zenyewe. Kila asubuhi Bibi aliwaambia wapitao: "Wanangu, Jumamosi nazikwa. Njooni mnizike, na mtoto mwenye sindano pungufu asinililie, nitamsikia." Watu waliduwaa, kisha wakaanza kupika.

Jumamosi hiyo ukungu ulishuka kama umealikwa. Wachaga wote wa sokoni, wenye maduka na wenye mitumba, walikuja kama wafiwa, na mitungi ya mbege, pombe yao ya ndizi. Sisi watani tulikuja na ngoma, tumejipaka masizi. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, tulifanya kama walivyofanya wazee mtu akipotelea mbali: tulikata mgomba, tukauvika kanga mbili, ndilo likawa jeneza. Sista Ndeshi aliweka meza yake langoni kabisa mwa uwanja, na hakuna aliyeingia msibani bila kupita hapo. Watoto walilia kwa sindano, na sisi tukawasifu: "Tazama huyu anavyomlilia bibi yake!" Foleni ilifika kwenye mashine ya kusaga, ikaipita, ikaanza kupanda kilima. Sista alikuwa anachoma na kufuta machozi kwa kiwiko, na sijui yalikuwa ya kucheka au vipi.

Bwana Lusekelo, Mkurugenzi wa Idara ya Hamasa, aliwasili katikati ya ngoma. Mtu mrefu mwenye adabu, suti ya kijivu, mkataba kwapani. Alishuka garini akitabasamu. Nadhani alifikiri ngoma ni zake.

"Nani mtoto wa marehemu?" nikauliza kwa sauti ya juu.

"Aliyemleta mjini!" soko likajibu.

Kabla hajafunga mlango wa gari, akina Mama Senkondo walishamfunga kamba ya mgomba kiunoni.

"Jamani, jamani," akasema, "mimi ni mgeni rasmi."

"Wewe ni mfiwa rasmi," nikamwambia. "Pole na msiba, mheshimiwa. Kaa chini ya mgomba."

Mrutu akapenya akija, kofia imepinda. "Simamisheni! Mtani wa tangazo hili aliyeapishwa ni mimi!"

"Uliapishwa, hukuzaliwa!" akapiga kelele Mama Senkondo, na kicheko kilichofuata kilimrudisha nyuma hadi kwenye ndoo ya mbege. Akaketi hapo. Baadaye nilimwona anakunywa.

Tukaziba njia ya jeneza. Nikasimama mbele ya ukungu.

"Marehemu," nikasema, "kabla hatujakuzika, tunataka tujue tunazika nini. Ulikuwa unakula nini?"

"Salamu, mtani," akasema Bibi, na sauti yake ilienea mpaka kwa walioko kwenye foleni.

"Ulishiba?"

"Sikushiba hata siku moja. Nilikuwa nameza, wanashiba wengine. Mtu akishachanjwa, kazi yangu kwake imekwisha; mimi nikaendelea kumwuliza habari ya goti, na kila goti lina bei. Salamu zangu za soko moja zingenunua makasha ya baridi ya Mlamba nzima, na kingebaki cha nauli."

"Na punda?"

"Nilimhamasisha punda," akasema Bibi kwa huzuni, "lakini alikataa chanjo."

Nimehudhuria misiba mingi. Sijawahi kuona waombolezaji wakilala chini kwa kucheka. Hata Bwana Lusekelo mabega yalimcheza. Alijaribu kukaza uso, uso ukakataa. Alipotulia aliutazama mkataba wake, halafu ukungu, kwa muda mrefu kidogo.

"Hili la punda," akaniuliza taratibu, "ni kweli?"

"Mimi ni mtani wake. Hawezi kunidanganya. Sheria yenu."

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua. Hukuuliza. Mtu akitia saini bila kuuliza, mimi namkumbuka kuliko aliyeiba." Nikashika ncha ya kamba. "Jeneza halipiti mpaka mfiwa ajikomboe. Hatutaki kuku wala shilingi yako. Tamka."

Yeye alijua, na mimi nilijua anajua: kinachotamkwa mbele ya ukungu ni tamko la ofisi. Angeweza kukasirika. Lakini unamkasirikiaje mtu aliyejipaka masizi, mbele ya mgomba uliovikwa kanga, na watoto wana pamba mkononi?

Alisimama, kamba kiunoni, akafunga vifungo vya koti.

"Mkataba wa salamu hautaongezwa," akasema. "Fungu lililobaki linarudi zahanati. Makasha ya baridi yatangulie Mlamba." Akasita. "Na marehemu... alitufanyia kazi nzuri. Apumzike."

Vigelegele! Mlima ulivirudisha mara mbili. Tukabeba mgomba kwa ngoma, Wachaga wanalia kwa ufasaha wote, sisi tunawaiga vibaya, mbege inamwagika. Tulipofika shimoni Bibi alikuwa ameanza kufifia; fundi wa Bwana Lusekelo alikuwa anazima taa za kampuni moja moja. Fimbo ilitangulia, kisha kilemba.

"Mtani," akaniita. "Ndizi zilikuwa zimeiva."

"Zilikuwa mbichi," nikasema. "Nenda zako."

Akaenda.

*

Makasha yalipanda Mlamba mgongoni mwa punda wa Mrutu, ambaye hatimaye alifanya kazi aliyolipiwa. Nilipanda nayo, goti likilalamika njia nzima. Nanzia alimshika mwanawe, Sista Ndeshi akachoma, Kiangi akanitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemchoma, akafungua mdomo akalia mpaka kuku wakakimbia. Sijawahi kusikia tangazo zuri kama lile.

Nimerudi sokoni. Wamesema wataleta kampeni nyingine, ya miti, na safari hii sura ya tangazo haitakuwa ya kabila lolote. Waje. Nitatafuta namna.

Leo asubuhi ukungu ulishuka mzito, mtupu, una harufu ya majani tu. Nilifunua sufuria. Mama Senkondo alikuwa anapanga nyanya, akasimama na moja mkononi, anatazama pale kati alipozoea kusimama yule kikongwe. Nilitazama huku na huku kama kuna anayenisikia.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Goti linaendelea vizuri."

Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyelipwa.